Likizo ya Wajukuu Katika Mwambao wa Tanga

Neno likizo lilikuwapo kabla ya shule ya serikali kuwapo. Leo kila mtu hulitumia kwa siku ambazo mwanafunzi huachwa huru na darasa, au karani na ofisi yake. Lakini neno hilo lina maana nyingine iliyo ya ndani zaidi, nayo hutoka katika malezi. Kumlikiza mtoto ni kumwachisha ziwa, na likizo ni wakati wa kuachishwa huko. Katika nyumba nyingi za mwambao mtoto aliyefikia wakati huo alihamishwa kwa siku kadha, akapelekwa kwa bibi yake ili asimwone mama na kulilia alichonyimwa. Huko alilishwa uji, alibebwa mgongoni, akalazwa kwa bembelezi mpaka alipokwisha kusahau. Safari ya kwanza ya mtoto nje ya kifua cha mama yake ilikuwa safari ya kwenda kwa bibi.

Shule ilipoingia nchini ikahitaji jina la siku zisizo na masomo, Kiswahili kiliipa jina hilo hilo. Na mtoto wa shule naye, muhula ulipokwisha, alikwenda pale pale alipokwenda ndugu yake mdogo aliyelikizwa. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya historia, kama vita, mikataba na kubadilika kwa bendera. Lakini ukitaka kujua namna watu wa Tanga, Pangani, Muheza na vijiji vya pwani walivyoweza kuwapeleka watoto wao shuleni kwa zaidi ya miaka mia moja bila ya kuwapoteza kabisa, huna budi kuzitazama siku hizo za mapumziko, na hasa zile za mwisho, ambazo babu na bibi walijua kuwa zimebaki chache.

Kabla ya shule ya serikali, mwaka wa mwambao ulipimwa kwa pepo na mvua. Kaskazi ilivuma tangu Desemba mpaka Machi, ikaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi pamoja na joto kali. Baada yake ilikuja masika. Kisha kusi ikashika bahari kwa miezi mingi, na vuli ikafuata kabla ya kaskazi kurudi. Mtoto hakuwa na likizo ndefu katika mwaka huo, kwa sababu hakuwa na kitu kirefu cha kupumzika nacho. Alikwenda chuoni kwa mwalimu wake kusoma Kurani, na juma lake lilikuwa na pumziko la Alhamisi na Ijumaa. Zilikuwapo Idi mbili, Maulidi, na siku ya Mwaka ambayo watu walikwenda kuoga pwani. Siku zilizosalia mtoto aliishi na kufanya kazi katikati ya wakubwa: alilinda mpunga na ndege, aliteka maji, alifuata ngalawa zilipotua. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeeleza maisha ya mwambao katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, aliwaeleza pia watoto, michezo yao na mafunzo yao. Nyumba ndiyo iliyokuwa shule, na babu na bibi hawakuwa watu wa kutembelewa. Walikuwa kizingiti cha kila siku.

Mwaka 1892 shule ilifunguliwa katika mji wa Tanga chini ya utawala wa Wajerumani, ikawa mama wa shule za serikali katika Tanganyika nzima. Wanafunzi wake walitengenezwa wawe makarani, wakalimani, walimu na mafundi wa kupiga chapa. Na mwanzoni mwa karne ya 20 shule hiyo ilitoa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililodumu mpaka siku za vita kuu ya kwanza. Upande wa bara kidogo, katika nchi ya Wabondei, mapadri wa Kiingereza walikwisha kujenga shule Magila, na vijana wa huko walivushwa bahari kwenda kuendelea na masomo Kiungani, Unguja. Waingereza walipoitwaa nchi waliunda idara ya elimu mwaka 1920, wakafuata njia ile ile ya madarasa, mihula na mitihani.

Shule hizi zilileta kalenda. Mwaka wa pepo ulipokonywa mtoto, akapewa mwaka wa Januari. Tena zilileta umbali. Mtoto wa Pangani alilala Tanga, mtoto wa Muheza alilala Unguja, na mtoto wa Tanga alilala Dar es Salaam. Shaaban Robert aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, alisoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Kisha kazi ya forodha ikamchukua Pangani, na kazi ya idara ya wanyama ikamfikisha Longido katika nchi ya Wamasai. Alipotaka kuwausia watoto wake alitunga tenzi, Adili kwa mwanawe wa kiume na Hati kwa binti yake. Tenzi hizo hukaa katika vitabu pamoja na kazi nyingine za sanaa, lakini pia ni ushahidi wa zama. Wosia ambao zamani mzee aliutoa kidogo kidogo jioni baada ya jioni, sasa ulikuwa na haja ya karatasi.

Reli iliyotenga watu ndiyo iliyowarudisha. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Iliwekwa kwa ajili ya mazao ya wazungu, lakini muhula ulipokwisha ilibeba mzigo mwingine: wavulana wenye masanduku ya bati wakirudi Bonde na Usambara, na watoto wa watumishi wa mjini wakipelekwa kwa wazee wao. Waliokwenda kusini walifuata pwani mpaka Pangani wakavushwa mto. Waliokwenda kaskazini walishika njia ya Moa na vijiji vya Wadigo na Wasegeju. Katika kila kituo na kila bandari ndogo alikuwapo mzee aliyesimama kivulini akitafuta uso aliouacha mdogo na kuukuta umekua.

Likizo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ile ya mwisho wa mwaka. Nchi za Ulaya huwapa watoto wao mapumziko marefu katika miezi ya jua, Julai na Agosti. Mwambao wa Tanga wakati huo huwa katika kusi, na asubuhi zake huwa na ubaridi. Jua la Tanga huja na kaskazi. Kwa hiyo siku za mwisho za likizo ziliangukia mwanzoni mwa Januari, wakati maembe yameiva mpaka yakaachwa chini kwa mbuzi, wakati nyumba za udongo na makuti zina joto hata usiku, na watu hutandika mikeka barazani. Bahari hutulia, maji huwa maangavu, na watoto wa mjini hushinda Raskazone wakiogelea mpaka macho yakawa mekundu. Mbele ya siku hizo palikuwa na kengele ya shule, na nyuma yake majuma machache ambayo yalikwisha kabla hayajaonekana. Kila bibi alijua hesabu hiyo kuliko mwalimu mkuu.

Ni katika siku hizo malezi ya zamani yalirudi kazini, na chombo chake kikubwa kilikuwa wanyama wa nyumbani. Mtu asidhani kuwa mwambao ulikuwa na desturi ya Ulaya ya kufuga mnyama kwa kumpenda tu, akawa na kitanda chake na jina lake la ukoo. Mnyama wa uani alikuwa na kazi. Lakini kazi yake haikumzuia kupendwa, na mtoto aliyetoka mjini alikabidhiwa mnyama siku ya kwanza kama alivyokabidhiwa mkeka wa kulalia.

Kuku alikuwa wa kwanza, naye ana historia ndefu katika pwani hii. Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari 1499, alitia nanga mbele ya Mtangata, kusini ya Tanga, akaichoma huko merikebu yake moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa wamepungua mno kwa maradhi. Habari za safari hiyo husema kuwa wenyeji waliwaletea Wareno kuku wa kuuza na kubadilishana kwa mashati na vikuku. Magofu ya mahali hapo, Tongoni, yangali yanaonekana pamoja na msikiti wake na makaburi yenye nguzo. Basi bibi wa Tongoni aliyemwonyesha mjukuu wake namna ya kumpapasa kuku kama ana yai alikuwa anafundisha somo lililofundishwa katika ardhi hiyo kabla Mreno hajaijua njia ya kuja.

Somo lenyewe halikuwa dogo. Mtoto alijifunza kutofautisha tembe na mtetea na koo; alijifunza kuwa kuku anayeatamia hasumbuliwi, na kuwa siku ishirini na moja hazipunguzwi kwa haraka ya mtu. Alihesabu mayai yaliyowekwa, vifaranga vilivyototolewa, na vilivyobaki baada ya mwewe. Mwalimu wa shule alimfundisha kutoa kwa namba zilizoandikwa ubaoni. Huku alijifunza kutoa kwa kitu kilichokuwapo asubuhi na jioni hakipo. Mtoto aliyesahau kufunga banda hakupigwa sikuzote. Mara nyingine alipelekwa kuyaona manyoya, akaachwa nayo. Adhabu hiyo ilitosha.

Paka aliingia mpaka chumbani. Dini ilimpa heshima: mafundisho ya Kiislamu humhesabu kuwa si najisi, na kila mtoto wa chuoni alikwisha kusikia habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Mbwa alikuwa na hali nyingine. Waislamu wengi wa mwambao hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi na kuamuru chombo alichokilamba kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo hakuwa mwenyeji wa nyumba za mjini. Lakini shambani, katika Bonde na miguu ya Usambara ambako nguruwe mwitu na nyani waliweza kumaliza muhogo wa mwaka kwa usiku mmoja, mbwa alikuwa mlinzi asiye na mshahara, na mtoto alifundishwa kuwa kujitenga na mate yake si ruhusa ya kumtesa. Hadithi ya pili ya chuoni ilisaidia hapo: ya mtu aliyeshuka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu, na Mungu akamghufiria. Njia za dini na za shamba zilikutana mahali pamoja, yaani katika wajibu wa mwenye nguvu kwa asiye na ulimi wa kusema.

Jambo hilo lilikuwa moyo wa hadithi za usiku. Edward Steere alipochapa hadithi za Unguja mwaka 1870 aliiweka ndani yake ile ya Sultani Darai, ambayo ilisimuliwa pwani yote kwa namna mbalimbali. Maskini aliyekuwa akichakura jaani aokota thumni, anunua paa. Paa yule amtafutia mali, amwoza binti wa sultani, amuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpa bwana wake nyumba. Kisha paa augua. Bwana aliyetajirishwa naye aamuru apewe uji wa mtama, wala haendi kumwona. Paa afa na kutupwa kisimani. Usiku bwana aota, na anapoamka yuko jaani akichakura kama zamani. Hakuna mafunzo ya uraia yaliyoandikwa na serikali yoyote yaliyoieleza shukrani kwa nguvu kama hiyo, na mtoto aliyeisikia usiku hakusahau kumpa mbuzi maji asubuhi.

Ng'ambo ya mkondo wa bahari, katika kasri la Mtoni, Unguja, mapenzi ya watoto na wanyama yalikuwa na sura ya kifalme. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1886. Aliukumbuka ua mkubwa ambamo paa, tausi, mabata, korongo wekundu na mbuni walitembea huru, na watoto wakikusanya mayai asubuhi na jioni kumpelekea mpishi mkuu, wapate vitu vitamu. Aliyaandika hayo kwanza kwa ajili ya watoto wake mwenyewe, waliokulia katika baridi ya Ujerumani bila bibi wa upande wa mama na bila ua wa Mtoni. Binti wa sultani na mzee wa Vibambani walikuwa mbali kwa cheo, lakini waliingia katika shida moja: namna ya kumrithisha mtoto nchi ambayo haishi ndani yake.

Kilichowezesha urithi huo katika likizo fupi kilikuwa utani. Baba na mama walikuwa na haki ya kuamuru, na mtoto aliwaogopa kwa kiasi hicho. Babu na bibi walikuwa na haki ya kucheka. Bibi alimwita mjukuu wa kiume mume wangu, akamlaumu mbele za watu kwa kutomletea kanga. Babu alimwita mjukuu wa kike mchumba wake, na mkewe akajifanya ana wivu. Katika mchezo huo mtoto aliweza kuuliza asiloweza kumwuliza baba yake, na mzee aliweza kusema ambalo baba angeona haya kulisema. Mambo ya mwili, ya ndoa, ya ugomvi wa ukoo, ya nani aliyekopa shamba na hakulirudisha, yalipita katika njia hiyo ya kicheko. Kwa Wadigo, ambao zamani walirithishana kwa upande wa mama, bibi mzaa mama alikuwa pia kumbukumbu ya nani ni wa ukoo gani, na mjukuu aliyekaa naye majuma matatu alirudi shuleni akijua jina la mjomba anayemhusu.

Lugha nayo ilipumzika. Shuleni mtoto alitumia Kiswahili cha vitabu, na katika madarasa ya juu Kiingereza. Kwa bibi alirudia Kidigo, Kibondei, Kisambaa au Kisegeju, au kile Kiswahili cha nyumbani chenye mafumbo yasiyomo vitabuni. Usiku ulipoingia mmoja alitega kitendawili, na aliyeshindwa alitoa mji. Hadithi za mahali zilifuata. Waliokuwa karibu na mapango ya Amboni, kiasi cha kilomita 8 kutoka mjini Tanga, walisikia habari za mizimu inayotambikiwa humo, na ile hadithi ya wazungu wawili walioingia na mbwa wao katika miaka ya 1940 wasionekane tena, na mbwa akapatikana mbali sana, upande wa Kilimanjaro. Kama ni kweli au si kweli, mtoto aliyewaona popo wakitoka pangoni saa ya magharibi hakutaka kwenda kuhakikisha. Waliozaliwa kabla ya mwaka 1914 walikuwa na hadithi isiyohitaji mizimu: mwezi wa Novemba mwaka ule jeshi kubwa la Waingereza na Wahindi liliteremka Tanga, likashindwa na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika, na nyuki waliochokozwa na risasi wakawauma watu wa pande zote mbili. Vitabu huvitaja vita hivyo kwa majina ya majenerali. Mabibi waliwataja nyuki.

Lakini historia ya kweli haiwezi kusimulia baraka hii bila kuwataja walioikosa. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa na minazi ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka bara, na mtoto wa mtumwa alikuwa ni mtoto asiye na bibi. Mama yake alitekwa akatenganishwa na mama yake mwenyewe, na mlolongo ukakatika hapo. Hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haina uwezo wa kumrudishia mtu babu yake. Kisha ukaja mkonge. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Kati ya miche aliyoagiza iliyobaki hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba yaliyoufunika mkoa. Wakataji wake, manamba, walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Ruanda na Urundi. Wengine walirudi makwao mkataba ulipokwisha, wengi wakabaki. Watoto wao walizaliwa kambini, wakasoma shule moja na watoto wa Bonde na Digo. Na muhula ulipofungwa na wenzao wakafunga vifurushi, wao hawakuwa na pa kwenda. Kwao likizo ilikuwa siku zile zile za kambi, bila kengele.

Hapo ndipo thamani ya jambo inapoonekana, kama thamani ya chumvi inavyoonekana katika chakula kilichoikosa. Watoto wa kambi hawakukosa chakula kuliko wengine, wala hawakushindwa masomo kwa kuwa wao ni wao. Walikosa mtu wa kuwaambia walikotoka kwa kicheko badala ya kwa amri. Na ni sifa ya watu wa mkoa huu kwamba pengo hilo halikuachwa wazi kabisa. Wazee wa kambi walifanywa mababu wa watoto wote. Majirani wa kabila jingine waliitwa bibi na kupewa haki ya utani. Na makabila yenyewe yakataniana. Kizazi cha pili kilikuwa na wazee wa kuazima, na kizazi cha tatu kikawa na wazee wake, kwa sababu manamba aliyekuja kijana alikwisha kuota mvi katika ardhi ya Tanga. Bei ya mkonge ilipoanguka katikati ya miaka ya 1960, na mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967, kazi ilipungua lakini mababu walibaki.

Uhuru wa mwaka 1961 haukuifuta kalenda ya shule, uliieneza. Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliotimizwa mwaka 1977 vilimpeleka darasani karibu kila mtoto, na kwa hiyo vilimpa likizo karibu kila mtoto. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba na mifugo yake ili mwanafunzi asiidharau kazi ya mikono. Katika jambo hilo serikali ilikuwa inaitaka shule ifundishe mambo ambayo bibi alikuwa akiyafundisha bila ruzuku. Shule nyingi zilipata mabanda ya kuku. Lakini kuku wa shule alikuwa wa wote, na kilicho cha wote mtoto hakililii anapokipoteza. Kuku wa kwa bibi alikuwa wake.

Siku hizi mambo yamegeuka tena. Mabibi wengi wanaishi mjini katika nyumba za wanao, pasipo ua wa kutosha hata kwa njiwa. Likizo imeingiliwa na masomo ya ziada, na mzazi anayeogopa mtihani huona majuma matatu ya shambani kuwa majuma matatu yaliyopotea. Simu ya mkononi husimulia hadithi mchana na usiku, nayo haimtaki msikilizaji ajibu pakawa anapoambiwa paukwa. Hofu ya wazazi hao haifai kudharauliwa, kwa kuwa mtihani umekuwa mlango mwembamba wa kazi. Lakini wamesahau kufanya hesabu moja. Shule ina miezi mingi ya kumfundisha mtoto, na kila inachofundisha kimeandikwa; kikisahauliwa, kitabu kiko. Kinachofundishwa barazani mwezi wa Januari hakina kitabu. Kikikosa msikilizaji kwa kizazi kimoja, hakuna maktaba ya kukitafuta, wala si Tanga wala si Berlin.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wa historia ya mwambao wangefanya vema kuziandika siku hizo kama wanavyoandika habari za merikebu na mikataba: nani alimpeleka mtoto kwa nani, kwa njia gani, alikaa siku ngapi, alikabidhiwa mnyama gani, alirudi na neno gani ambalo wenzake hawakulijua. Mashahidi wa kambi za mkonge na wa treni za Mombo ni wazee sasa, na kila mwaka huwapunguza.

Na wakiandika wasiiache siku ya mwisho. Ilikuwa kawaida katika nyumba nyingi kwamba mjukuu hakuondoka mikono mitupu. Alipewa maembe, nazi na kifurushi cha mkate wa kumimina kwa ajili ya njiani. Lakini zawadi yenyewe haikusafiri. Bibi alimshika tembe mmoja, akamfunga uzi wa rangi mguuni, akasema mbele ya watu kuwa huyu ni wa mjukuu wake. Tembe alibaki uani. Atakayototoa yatakuwa ya mtoto, na mtoto atakuja kuyahesabu likizo ijayo. Akitaka kuuza atauza, akitaka kumtolea mtetea mwingine atapewa mbuzi. Mtoto alipanda treni au basi akiwa na mali katika kijiji alichokuwa akikiacha, na bibi alibaki na amana iliyomlazimu kuwa hai na kufungua banda kila alfajiri. Kuanzia siku hiyo mpaka muhula ulipokwisha, mahali pale palikuwa na mtu wa kuulizwa, na mtu wa kuuliza.